Nguo za miti: Lebo zisitufumbe macho

Neno "mianzi" limeingia katika biashara ya nguo kwa kishindo. Zipo soksi za mianzi, shuka za mianzi, fulana za mianzi na hata nepi za watoto zinazosemekana kuwa za mianzi. Aghalabu kando ya neno hilo huwa pamechorwa jani la kijani kibichi, ili mnunuzi asije akasahau kwamba anachokishika mkononi ni zawadi ya msitu. Mnunuzi hulipa zaidi kidogo, akaenda zake akiwa ameridhika kwamba ameitendea dunia wema. La kustaajabisha ni kuwa ukiipeleka soksi hiyo maabarani, kwa kawaida hutaona dalili yoyote ya mwanzi. Utakachokiona ni rayoni, yaani uzi uliotengenezwa kwa kuyeyusha mti kwa kemikali hata asili yake ikafutika kabisa. Mwanzi, mkaratusi na msonobari vikishapita katika pipa la kiwanda hicho, hapana mtaalamu awezaye kuvitenganisha kwa kuutazama uzi.

Jambo hili si dhana yangu. Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani imekuwa ikilifuatilia tangu mwaka 2009. Mnamo 2013 kampuni nne, zikiwemo Amazon, Macy's na Sears, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 1.26 kwa kuuza rayoni kwa jina la mianzi. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Kohl's na Walmart, na safari hii faini ikafika dola milioni 5.5. Hoja ya Tume ilikuwa nyepesi kueleweka. Nguo ni ya mianzi iwapo nyuzinyuzi za mwanzi wenyewe ndizo zilizosokotwa, kazi ambayo inawezekana lakini ni adimu na ni ghali. Ikiwa mwanzi umeyeyushwa, basi jina halali ni rayoni, na muuzaji hana ruhusa ya kudai kwamba ni bidhaa ya asili.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu anatafuta nini katika mapipa ya kemikali. Ninachokitafuta ni kijineno kimoja tu, ambacho walimu wenzangu wa Kiswahili hukifundisha kila muhula: "-a" unganifu. Tunasema "soksi za pamba", "blanketi la sufu", "kamba ya katani", "hariri ya Bara Hindi". Kijineno hicho hubeba maana nyingi, lakini katika nguo maana iliyozoeleka ni kwamba kitu kilichotajwa bado kimo ndani. Sufu ya kondoo ingalimo katika blanketi, kama vile mtama ulivyomo katika uji wa mtama. Basi anayesema "soksi za mianzi" huazima imani yote tuliyokuwa nayo kwa "soksi za pamba", akaihamishia kwenye kitu ambacho kati yake na mti pana kiwanda kizima. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliita daftari lake "daftari la msonobari", ijapokuwa karatasi hutokana na mti vivyo hivyo. Tunaliita daftari la karatasi kwa kuwa tunajua kwamba mti umekwisha kubadilishwa. Kwa nini basi nguo ipewe heshima ambayo karatasi haipewi?

Ukiichunguza historia ya nguo hizi utaona kwamba tangu mwanzo ilikuwa historia ya kutafuta jina. Mfaransa Hilaire de Chardonnet alipata hataza yake mwaka 1884, na katika maonyesho makuu ya Paris ya mwaka 1889 akawastaajabisha watu kwa kitambaa alichokiita hariri ya kutengenezwa. Kiling'aa kama hariri kweli, ila kilishika moto kwa wepesi wa kutisha, maana kilitokana na selulosi iliyochanganywa na asidi ya nitriki. Mwaka 1892 Waingereza Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle wakagundua njia nyingine iliyo salama zaidi kwa mvaaji. Waliiita viskosi, kwa sababu mti ulioyeyushwa uligeuka kuwa kioevu kizito chenye kunata mfano wa asali. Kampuni ya Courtaulds iliinunua hataza hiyo, na nguo zikaanza kuenea. Lakini jina la "hariri bandia" halikuwapendeza wafanyabiashara, kwani nani apendaye kuvaa kitu bandia hadharani? Hivyo mwaka 1924 wenye viwanda nchini Marekani wakakubaliana juu ya neno "rayon", lenye mwangwi wa miale ya nuru. Neno "bandia" likatupwa. Karne moja baadaye hata rayoni imechuja masikioni mwa wanunuzi, na sasa linatafutwa jani la mwanzi la kuifunika.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Tazama basi jinsi viskosi inavyoundwa. Mti hukatwa, ukapasuliwa vipande vidogo na kupikwa kwa kemikali hadi utomvu na gundi yake vitoke, ikabaki selulosi nyeupe katika hali ya rojo. Rojo hilo hukaushwa likawa kama karatasi nene, kisha hurowekwa katika soda kali, ile ile itumiwayo viwandani kutengeneza sabuni. Baada ya kukaa kwa muda huchanganywa na kemikali iitwayo disulfidi ya kaboni, nayo ndiyo inayoiwezesha selulosi kuyeyuka. Kioevu kinachopatikana husukumwa kupitia vitundu vidogo mno mpaka ndani ya asidi, na papo hapo kikaganda kuwa nyuzi. Nyuzi zikioshwa na kukaushwa, disulfidi ya kaboni haimo tena. Mvaaji hana la kuhofia.

Mwenye kuhofia ni yule aliyesimama kando ya pipa. Disulfidi ya kaboni hupanda hewani kwa wepesi, na sumu yake ilijulikana hata kabla viskosi haijabuniwa. Daktari Auguste Delpech wa Paris aliyaeleza madhara yake mwaka 1856 baada ya kuwachunguza wafanyakazi wa viwanda vya mpira: kutetemeka, miguu kukosa nguvu, kupotewa na usingizi na wakati mwingine wazimu. Baadaye ilithibitika kwamba huharibu pia mishipa ya moyo na macho. Viwanda vya viskosi viliyajua hayo yote na bado vikaendelea kuwaajiri watu bila kinga ya kutosha.

Kisa kinachonikaa zaidi akilini ni cha Wonjin Rayon, kiwanda kilichokuwa pembezoni mwa Seoul, Korea Kusini. Mashine zake hazikuwa mpya. Zilikuwa zimetumika Japani, zikanunuliwa na kupelekwa Korea katika miaka ya 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 wafanyakazi wake walikuwa wakipooza na kupoteza kumbukumbu mmoja baada ya mwingine, hata familia zao zikabeba majeneza na kuandamana. Mamia walikuja kutambuliwa rasmi kuwa wamedhurika kazini. Kiwanda kilifungwa mwaka 1993, lakini mashine hazikuvunjwavunjwa. Ziliuzwa China. Sisi Wakenya tunalijua sana neno mtumba, na kwa kawaida tunapolitaja tunafikiria shati au koti la Gikomba. Kumbe kuna mtumba wa aina nyingine, wa mitambo inayohama kutoka nchi iliyokwisha kuzinduka hadi nchi ambayo bado haijazinduka, ikibeba maradhi yake pamoja nayo. Yeyote atakayekuja kesho na pendekezo la kujenga kiwanda cha nyuzi za miti katika nchi hii na aulizwe kwanza mitambo yake ilikuwa ikifanya kazi wapi jana.

Nisieleweke vibaya. Sipingi nguo zitokanazo na miti, na ni haki kusema kwamba wataalamu hawakulala. Viko viwanda vya viskosi ambavyo siku hizi huinasa sehemu kubwa ya kemikali hiyo katika mitambo iliyofungika na kuitumia tena. Muhimu zaidi, ipo njia nyingine kabisa iliyoacha kutumia disulfidi ya kaboni. Uzi wake huitwa liosel. Jina hilo limeundwa kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kuyeyusha, likaunganishwa na kipande cha neno selulosi. Kwa mara moja tukapata jina la kibiashara linalosema kweli! Katika njia hii rojo la mti huyeyushwa moja kwa moja kwa kiyeyushi kisicho na sumu kali, nyuzi zikatolewa, na kiyeyushi kikakusanywa na kurudishwa kazini kwa zaidi ya asilimia 99. Courtaulds ilianza kuutengeneza kwa wingi mwaka 1992 huko Mobile, katika jimbo la Alabama, kwa jina la Tencel, na leo jina hilo ni mali ya kampuni ya Lenzing ya Austria. Hata hivyo sehemu kubwa ya nyuzi za miti zinazouzwa duniani, yapata nne kwa kila tano, ingali ni viskosi. Liosel ni ghali zaidi.

Mizani ya haki yataka pia tulinganishe na kile ambacho watu huvaa badala yake. Shati la poliesta ni mafuta ya petroli yaliyosokotwa. Kila linapofuliwa hutoa vijinyuzi vya plastiki visivyooza, vikaingia mitoni na hatimaye baharini, na likichakaa likatupwa Dandora litawapita wajukuu wetu. Uzi wa selulosi, uwe wa viskosi au wa liosel, huoza udongoni kama karatasi. Nayo pamba, tunayoisifu kwa kuwa ya asili, katika nchi nyingi hulimwa kwa maji mengi ya kunyunyizia na dawa nyingi za wadudu. Kwa hiyo uzi wa mti una hoja nzuri mbele ya baraza. Tatizo ni kwamba wauzaji hawataki kuieleza hoja hiyo yote. Wanaeleza jani tu.

Tuje sasa kwenye msitu wenyewe. Shirika la Canopy la Kanada hukadiria kwamba zaidi ya miti milioni 200 hukatwa kila mwaka kwa ajili ya nguo, na kwamba baadhi yake hutoka katika misitu ya kale au iliyo hatarini. Tangu mwaka 2013 shirika hilo limekuwa likizishawishi kampuni za mavazi ziahidi kutonunua uzi wa miti ya namna hiyo, na watengenezaji wengi wakubwa wamekubali kukaguliwa. Ni hatua njema. Lakini jibu linalotolewa kwa kawaida ni "miti ya kupandwa", na hapa Mwafrika wa mashariki na kusini ana haki ya kuinua mkono na kuuliza: mti gani, na unakunywa maji ya nani?

Kwa maana jambo hili haliko mbali nasi. Mojawapo ya viwanda vikubwa zaidi duniani vya rojo la kutengenezea nguo kiko Afrika. Ni Saiccor, kilichojengwa katika miaka ya 1950 kando ya mto uMkhomazi katika eneo ambalo leo ni KwaZulu-Natal, nacho hulishwa hasa kwa mikaratusi. Hatushoni nguo kwa rojo hilo huku. Husafirishwa ng'ambo likageuzwa uzi, uzi ukageuzwa kitambaa, na kitambaa kikaturudia. Afrika Kusini iliona mapema athari ya mashamba hayo ya miti kwa mito yake. Sheria yake ya Maji ya mwaka 1998 inayataja mashamba ya miti ya biashara kuwa ni shughuli inayopunguza maji ya vijito, na kwa sababu hiyo mpandaji huhitaji idhini. Ninaipenda sana lugha ya sheria hiyo. Haikusema kwamba mti ni mwema au ni mwovu. Ilitaja tu kile ambacho mti hufanya.

Mkaratusi uliletwa Kenya yapata mwaka 1902 ili uwe kuni za kuendeshea garimoshi la reli ya Uganda, nao ukapenda mno kukaa. Hayati Profesa Wangari Maathai aliupinga miaka mingi pale ulipopandwa karibu na chemchemi, na mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, hayati John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye kingo za mito. Wakulima walinung'unika, maana mkaratusi hukua upesi na nguzo zake hulipa karo. Manung'uniko yao yalikuwa na msingi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 serikali imekuwa na mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na kila anayetaka kupanda mkaratusi wa biashara ana nafasi ya kujificha chini ya kivuli cha tarakimu hiyo. Mti uliopandwa ili uyeyushwe haufanyi kazi ile ile inayofanywa na mti wa msitu wa Mau, hata kama hesabu yao ni moja.

Na si kweli kwamba nguo ya mti ilibuniwa Ulaya. Majirani zetu Waganda wamevaa mti kwa karne nyingi. Huchukua mutuba, mmoja wa jamii ya mikuyu, wakalibandua gome lake la ndani wakati wa mvua, kisha shina lililobaki uchi wakalifunika kwa majani ya migomba lisikauke. Gome hupigwa kwa nyundo za mbao kwa saa nyingi hata likapanuka na kulainika, likawa kitambaa chenye rangi ya udongo mwekundu, kinachoitwa lubugo. Mti haufi, huotesha gome jingine, na mti mmoja waweza kuvunwa kwa miongo kadhaa. UNESCO iliitangaza sanaa hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005 na kuiingiza katika orodha yake mwaka 2008. Sisemi kwamba wanafunzi wa Kenya wavae sare za magome. Lubugo haiwezi kuwavika mamilioni, wala haipendi kufuliwa. Ila ni kipimo kizuri cha maana ya neno "endelevu" tunalolisikia katika kila hotuba: mti ungali umesimama baada ya nguo kuvaliwa.

Katika mjadala huu wote, raia wa Kenya anapewa nini cha kumsaidia kuchagua? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Viweke vifungu hivyo viwili pamoja, kisha uchukue dera lolote jepesi, lile vazi pana linalopendwa Pwani na sasa hata bara, uitazame lebo yake. Aghalabu ni rayoni. Muuzaji atakuambia ni "pamba laini", na lebo, ikiwa ipo, itasema kwa Kiingereza au Kichina. Mama aliyelinunua ataligundua ukweli siku ya kufua, dera litakaporaruka mikononi mwake.

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2011 inataka jina la uzi liandikwe katika lugha rasmi ya nchi ambamo nguo inauzwa, na majina hayo yameorodheshwa katika lugha zote rasmi za Umoja huo. Kimalta, lugha ya watu wapatao nusu milioni, kina majina ya kisheria ya viskosi na liosel. Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji kutoka Lamu hadi Lubumbashi, na bado tunasomewa nguo zetu kwa lugha za wengine. Pendekezo langu kwa Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa ni dogo na halina gharama kubwa. Lebo iseme kwa Kiswahili: "viskosi iliyotengenezwa kwa mti", au "liosel", au "poliesta", na asilimia ya kila kimoja. Neno "mianzi" na liruhusiwe tu pale mwanzi wenyewe umo. Istilahi zenyewe vyuo vyetu vyaweza kuziandaa katika muda usiozidi muhula mmoja. Kazi ngumu ni kumshurutisha mwingizaji wa bidhaa azitumie.

Wakati tukingoja, walimu wa sayansi wanaweza kuanza bila idhini ya mtu yeyote. Chukueni nyuzi chache kutoka nguo zilizochakaa, mzishike kwa koleo ndogo juu ya mshumaa, madirisha yakiwa wazi. Poliesta itayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Sufu itanuka kama nywele zilizoungua. Pamba na rayoni zote mbili zitaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, kwa hiyo hapo lowesheni nyuzi hizo maji na kuzivuta: pamba huongezeka nguvu ikilowa, rayoni hupoteza nguvu na kukatika. Wanafunzi watafurahi, na watakuwa wamejifunza kusoma nguo bila lebo. Lakini wakimwuliza mwalimu uzi huo uliokatika umetoka katika msitu upi, na ni nani aliyevuta hewa ya pipa ambamo uliyeyushwa, mshumaa na maji havitamsaidia.